Mwalimu, Hesabu Vichwa Kabla ya Kununua Gari

Katika vyumba vya walimu humu nchini, mazungumzo ya magari yana nafasi yake sawa na mazungumzo ya mishahara na uhamisho. Mwalimu akishathibitishwa kazini na kukubaliwa mkopo na chama chake cha akiba, swali la kwanza ambalo wenzake humuuliza ni moja: utanunua gari gani? Aghalabu majibu huwa mawili tu. Mwenye mkopo mdogo hutaja gari dogo la viti vitano. Mwenye mkopo mkubwa hutaja gari la juu, lenye magurudumu mapana na bei inayolingana na upana huo. Ni nadra mno kumsikia mtu akitamka bila haya kwamba anakusudia kununua veni ndogo, yaani yale magari ya viti saba au vinane kama vile Toyota Noah, Voxy na Sienta, au Nissan Serena. Atakayethubutu kusema hivyo ataulizwa papo hapo, kwa kicheko, atakuwa akipiga njia gani na nauli ni kiasi gani.

Kicheko hicho ndicho kilichonisukuma kushika kalamu. Dai langu ni hili: kwa mwalimu wa kawaida wa Kenya, mwenye watoto watatu au wanne, wazazi wazee na makao mawili, moja karibu na kazi na jingine kwao alikozaliwa, veni ndogo ina manufaa kuliko magari yote mawili tunayoyaenzi. Tukiikwepa, hatuikwepi kwa sababu ya hesabu bali kwa sababu ya aibu. Mimi si fundi wa magari wala mchuuzi wa magari. Ni mwalimu wa isimu, na riziki yangu naipata katika maneno. Hata hivyo, maneno tunayoyatumia kuyahusu magari yanafichua mengi kuhusu namna tunavyoyachagua.

Chukua neno familia. Tumelikopa kutoka kwa Wazungu na tumelizoea, lakini maana iliyosafiri nalo ni finyu: baba, mama na watoto wao. Gari la viti vitano limeundwa kwa kipimo hicho. Watu wazima wawili hukaa mbele, watoto wawili nyuma, na nafasi moja hubaki ya mgeni. Kiswahili kina neno jingine, jamaa, ambalo asili yake ni Kiarabu na maana yake ya msingi ni kundi la watu. Jamaa ya mwalimu wa Kenya haiishii kwa mke, mume na watoto. Ndani yake mna nyanya anayeletwa hospitalini kila mwezi kupimwa shinikizo la damu, mpwa anayesoma kidato cha pili kwa karo ya mjomba, na shangazi ambaye harusi wala mazishi hayafanyiki bila yeye. Tunaishi kama jamaa, lakini tunanunua gari kama familia. Ikifika siku ya safari, hesabu inakataa.

Ikikataa, sisi huilazimisha. Ni nani asiyeijua picha ya gari dogo linaloelekea mashambani mwezi wa Desemba? Nyuma wameketi watu wazima watatu, na kila mmoja amempakata mtoto. Mbele, mtoto wa nne amesimama kati ya magoti ya mama yake, kichwa chake kikiwa karibu kugusa dashibodi. Mkanda wa usalama umefungwa kwa dereva peke yake, kwa kuwa ndiye ambaye polisi watamwona kwanza. Buti imejaa hadi haifungiki. Tunaliita jambo hili upendo, na kwa kweli ni upendo. Lakini breki zikikamatwa ghafla, hakuna mama mwenye mikono ya kutosha kumzuia mtoto aliyempakata. Mwendo uliokuwa wa gari huwa ni wa mtoto, na kilicho mbele yake ni kioo. Haidhuru mama ana nguvu kiasi gani au anampenda mwanawe kiasi gani. Mtoto anahitaji kiti chake na mkanda wake.

Hapa naomba msomaji anivumilie nirejelee msamiati kidogo. Kiswahili hutofautisha abiria na shehena. Abiria ni mtu anayesafiri katika chombo, na shehena ni mzigo unaopakiwa humo. Mabaharia wa pwani waliijua tofauti hiyo vyema, kwani shehena hupangwa mahali popote inapoenea, ilhali abiria hupewa mahali pa kuketi. Katika matwana zetu tofauti hiyo ilisahaulika zamani. Utingo alikwambia usonge, ukasonga. Akakwambia ujipange, ukajipanga. Wanne wakaingia katika kiti cha watatu. Mnamo Februari 2004, serikali ilianza kutekeleza kanuni ambazo Wakenya wanaziita hadi leo kwa jina la marehemu John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi wakati huo: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, na idadi ya abiria isiyozidi viti. Maana ya kanuni hizo, kwa lugha ya kawaida, ilikuwa kwamba abiria warejeshewe uabiria wao. La kusikitisha ni kwamba wengi wetu tulioshangilia kanuni hizo tunaendelea kuwageuza watoto wetu shehena katika magari tunayoyaendesha wenyewe.

Sasa tujiulize aibu ya veni inatoka wapi. Historia yake si ngumu kuifuatilia. Jina matatu linatokana na senti kumi tatu zilizokuwa nauli katika miaka ya mwanzo ya biashara hiyo. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kuchukua abiria bila leseni maalumu, na tangu hapo yakaenea kila pembe ya nchi. Baadaye, veni za Kijapani za viti 14 zilipotawala barabara, jina la kampuni moja likageuka kuwa jina la aina nzima. Hadi leo, abiria atapanda Toyota HiAce akakwambia amekuja na Nissan, na hakuna atakayemsahihisha. Kwa jirani zetu wa Tanzania, hasa huko Arusha na Kilimanjaro, Noah nazo zimewachukua abiria wa kulipa nauli kwa miaka mingi. Kwa hiyo umbo la veni limefungamana akilini mwetu na nauli, kelele na haraka. Mwalimu anayeinunua anahofia kwamba jirani akiliona gari lake litamkumbusha kituo cha mabasi badala ya ofisi.

Tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Volkswagen ilianza kuunda veni yake mashuhuri mwaka 1950, lakini veni ndogo ya nyumbani kama tunavyoijua ilipata nguvu mwishoni mwa mwaka 1983, pale kampuni ya Chrysler ya Marekani ilipoanza kutengeneza Dodge Caravan na Plymouth Voyager. Chrysler ilikuwa imenusurika kufilisika kwa mikopo iliyodhaminiwa na serikali, na gari hilo likachangia pakubwa kuisimamisha tena. Siri yake haikuwa anasa. Injini ilivuta magurudumu ya mbele, kwa hivyo hapakuwa na mtaimbo mrefu wa kupitisha nguvu chini ya sakafu kwenda nyuma. Sakafu ikashuka na kusawazika, watu wakaingia bila kupanda, na gari likaenea katika banda la kawaida la nyumbani. Kufikia mwaka 2000, veni za aina hiyo zilikuwa zikiuzwa nchini humo kwa zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Halafu mauzo yakaporomoka. Manufaa yake hayakuwa yamepungua. Ni watu walioanza kuiona kama gari la akina mama wa kupeleka watoto mpirani, wakakimbilia magari ya juu yaliyowafanya waonekane kama wanaelekea milimani hali walikuwa wakielekea dukani. Wao waliikimbia kwa sababu ilifanana na ulezi, na sisi tunaikimbia kwa sababu inafanana na matwana. Pande zote mbili, kosa la gari ni kufanana na kazi.

Basi hebu tuitazame kazi yenyewe. Siku ya kufungua shule za mabweni, mwanafunzi wa sekondari huenda na sanduku la chuma, godoro, ndoo, blanketi na vitabu. Godoro peke yake humaliza buti ya gari dogo. Katika Noah, viti vya safu ya tatu hukunjwa na kuinuliwa pembeni. Katika Sienta, huzamishwa chini ya viti vya safu ya pili. Baada ya dakika chache nusu ya nyuma ni chumba kitupu, na godoro linaingia pamoja na sanduku, na wazazi na ndugu wawili wa mwanafunzi bado wameketi kama watu. Wakati wa mavuno, nafasi ile ile huchukua magunia kadhaa ya mahindi ya kilo 90. Jumapili viti vinarudishwa na jamaa yote inakwenda kanisani. Gari moja, kazi tatu, bila kumwajiri mwenye pikapu.

Mlango nao ni wa kutazamwa. Mlango wa kawaida hufunguka nje kuelekea barabarani, na waendesha baiskeli na bodaboda wanajua gharama ya mlango unaofunguliwa na mtoto asiyetazama nyuma. Mlango wa veni husukumwa kando ya ubavu wa gari. Haumgongi mpita njia, haukwaruzi gari la jirani katika maegesho ya kubanana, na huacha nafasi pana ya kumwingiza mzee mwenye magongo. Mama yangu ana magoti yanayomsumbua. Nimemwona akisaidiwa na watu wawili kupanda gari la juu la mmoja wa jamaa zetu, akitweta na kuona haya, na nimemwona akiingia katika veni kwa hatua moja, mkono wake ukishika mshikio wa mlangoni, bila kumwomba mtu yeyote msaada. Wanaosema kwamba gari la juu huleta heshima wangemuuliza mzee anayelipanda kama kweli anaiona heshima hiyo.

Wapo wanaodai kuwa veni ni kubwa mno kwa miji yetu. Vipimo vinawakana. Huko Japani, zinakotoka, sheria huweka katika daraja la magari madogo yale yasiyozidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na injini ya sisi 2000, na Noah nyingi zimeundwa makusudi zisivuke mipaka hiyo. Toyota Prado za miaka ya karibuni zinazopita katika barabara zetu zina upana unaokaribia mita 1.9. Veni huonekana kubwa kwa kuwa ni ndefu kwenda juu, lakini kwa kuegesha inamzidi Prado kwa wepesi.

Katika kazi yangu mwenyewe faida hii imedhihirika. Utafiti wa lahaja haufanyiki maktabani. Nimewahi kusafiri na wanafunzi watano hadi Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, kurekodi Chivumba kutoka kwa wazee wanaokizungumza tangu utotoni. Tulikuwa watu sita, vinasa sauti, mikoba, mikeka na maji ya kunywa. Kila mtu alikuwa na kiti na mkanda, na njia nzima tangu kivuko cha Likoni ikawa darasa, kwani wote walikuwa wakisikilizana. Kwa magari mawili madogo tungetumia petroli maradufu, na nusu ya mjadala ingepotelea katika gari jingine.

Kuhusu gharama, tuseme wazi. Sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lililotimiza zaidi ya miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na kodi za kuliingiza ni nzito. Ushuru wa bidhaa hupanda injini inapozidi sisi 1500. Kwa hivyo Noah ya sisi 2000 huangukia katika daraja la juu kuliko Sienta ya sisi 1500, ingawa zote mbili zinaweza kuwachukua watu saba. Mwenye mkopo mdogo na jipime hapo. Ni jambo la kutafakariwa na watunga sera pia: kodi yetu hutazama ukubwa wa injini na haitazami idadi ya viti. Mtu mmoja anayejiendesha katika gari la sisi 2000 na jamaa ya watu wanane katika injini ya kiasi hicho hicho huhesabiwa sawa. Serikali inayolalamikia misongamano jijini ingefaa kumtofautisha anayeijaza barabara na anayeipunguzia magari.

Petroli ihesabiwe kwa kichwa, kama vile utingo anavyoihesabu nauli. Ni kweli kwamba veni hunywa zaidi ya gari dogo. Lakini jamaa ya watu saba wenye gari la watu watano ama itafanya safari mbili, ama itawalipia wawili nauli ya matwana, ama itawabana wote mle mle. Njia mbili za kwanza ni ghali kuliko tofauti ya petroli. Ya tatu gharama yake hailipiki kwa pesa.

Sitaki nionekane kama dalali, kwa hiyo kasoro zake nazitaja. Tumbo la veni nyingi liko chini, na mwenye kuishi katika udongo mweusi unaonata wakati wa masika atakwama mapema kuliko mwenye gari la juu. Mtu wa namna hiyo na anunue gari la juu, kwa kuwa analihitaji. Safu zote tatu zikikaliwa, nafasi ya mizigo nyuma hubaki ndogo. Veni nyingi za siku hizi zina gia za otomatiki zinazodai mafuta yake maalumu, na fundi wa kubahatisha akimimina mafuta yoyote yaliyo karibu ataziua. Milango inayofunguka kwa umeme ikiharibika, matengenezo yake si rahisi. Na asiye na mke wala mume, mtoto wala mzee wa kumsafirisha, hana haja ya viti vinane vya kupeperusha vumbi.

Pingamizi kubwa zaidi ninayoisikia si ya ufundi bali ya ujamaa. Watu husema: ukinunua veni, kijiji kizima kitakuwa chako. Kila mazishi utaitwa, kila harusi utaombwa. Ni kweli utaombwa. Lakini mwenye gari dogo naye huombwa, tofauti ni kwamba yeye hubeba tisa katika nafasi ya watano. Mwenye veni ana jibu la heshima: viti ni vinane, mimi nimo katika kimoja, karibuni saba. Kiti kikijaa, mlango umefungwa, na hakuna aliyetukanwa. Jambo moja asilifanye katu, nalo ni kupokea nauli kwa siri ili kupunguza makali ya mkopo. Bima ya gari la binafsi haikusudiwi abiria wa kulipa, na siku ya ajali kampuni itauliza swali hilo kabla ya jingine lolote. Mwalimu aliyetaka kuokoa shilingi mia moja atajikuta akiuza shamba ili kulipa fidia.

Waswahili husema fahari ya macho haifilisi duka. Ni kweli, madhali mtu anatazama tu. Lakini fahari hiyo ikiandikiwa mkopo wa miezi 60, hufilisi nyumba. Nimewaona walimu ambao hati zao za mshahara zimekonda kwa sababu ya gari la kifahari ambalo haliwezi kuichukua jamaa yao yote kwa mara moja. Ada ya mtoto inachelewa, mzee anapanda matwana kwenda kliniki, na gari linaoshwa kila Jumamosi.

Nanyi wanafunzi mnaosoma safu hii, fahamuni kwamba tunawafundisha hata tusipofungua vinywa. Mnatazama maegesho ya shule na kujifunza nani amefaulu maishani. Ikiwa sisi walimu tunalipima gari kwa namna linavyotutambulisha kwa wapita njia, msitulaumu mkija kuvipima vyeti, kazi na hata wachumba kwa kipimo hicho. Jifunzeni kuuliza swali jingine: kitu hiki kinamsaidia nani, na wangapi?

Kwa hivyo, mwalimu mwenzangu, kabla hujatia sahihi fomu za mkopo, chukua karatasi. Andika majina ya watu unaowasafirisha kwa mwaka mzima, kuanzia mtoto mchanga hadi mzee kuliko wote. Wahesabu. Wakiwa wanne, nunua gari dogo na ulifurahie. Wakiwa saba, nunua viti saba, kila kiti na mkanda wake, na anayecheka mwache acheke.